Kadi dabo na mama aliyebaki nje: misimbo ya QR katika harusi moja ya Dar es Salaam

Harusi ilikuwa ya Jumamosi, kwenye ukumbi wa viti 300. Kamati ililipia sahani 300, ikatenga 20 kwa mshereheshaji, wapiga muziki, wapiga picha na wapambaji. Zile 280 zilizobaki ziligawanywa kwa kadi: singo (ya mtu mmoja) 84 na dabo (ya watu wawili) 98. Mchango wa chini ulikuwa shilingi 50,000 kwa singo na 100,000 kwa dabo. Anayezijua harusi za mjini anaelewa mara moja kwamba hesabu ya namna hii haina uwazi wa kupenyeza mtu. Mzamiaji mmoja akikaa mezani, kuna mchangiaji atakayetafutiwa kiti cha plastiki jikoni.

Nilikuwa mjumbe wa kawaida wa kamati hiyo, na riziki yangu ni uchapaji. Ndiyo maana tangu siku ile kila kamati ninayoikuta inataka kusikia yaliyotokea mlangoni, na inataka jibu la neno moja: misimbo ya QR, ile miraba ya kuskaniwa kwa simu, inafaa kwenye kadi au haifai? Inafaa. Ila ilitufichua. Mambo ambayo kamati ilikuwa haijayaamua, msimbo uliyaamua kwa niaba yetu, mbele ya wageni.

Kwanza, kwa nini tuliutaka. Harusi za ukoo huo zilizotangulia zilitumia orodha ya karatasi. Kijana anasimama na kurasa nane, mgeni anataja jina, kumbe kwenye orodha kaandikwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, na kwenye kadi kwa jina la mumewe. Tuseme kumtafuta mtu hivyo ni nusu dakika. Kwa kadi 182 hiyo ni saa moja na nusu ya foleni. Kuskani kadi kunachukua kama sekunde sita, jumla dakika 18. Na kadi ikisema saa 12 jioni, wageni wa Dar wanafika saa 2 usiku, wote kwa pamoja, maharusi wakiwa bado barabarani wanapigwa picha. Foleni haisambai, inajaa ghafla. Hapo dakika 18 na dakika 90 ni tofauti ya harusi mbili.

Kampuni iliyopewa kazi ikaja na mpango mpana kuliko tulivyoomba. Kila mgeni atapokea picha ya kadi yake kwa WhatsApp, ikiwa na msimbo wake peke yake. Wazee na viongozi wa kanisa watapelekewa kadi za kuchapwa. Pale ukumbini kutakuwa na bango lenye msimbo wa kumwonyesha mgeni meza yake, msimbo mwingine kwenye kila meza kwa ajili ya vyakula na albamu ya picha, na wa tatu pembeni mwa sanduku la zawadi kwa anayetaka kutuma pesa. Misimbo minne kwa mgeni mmoja, usiku mmoja. Kwenye kikao hakuna aliyeuliza upi ni wa nini. Mapambo yalikuwa yanapendeza.

Mlangoni

Milango ilikuwa miwili, kila mmoja na kijana na simu yake. Nusu saa ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kisha akaja mama mdogo wa bwana harusi, amevaa sare ya familia, kilemba kimesimama, picha ya kadi kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, kadi hii inaonyesha imeshaingia."

"Imeingiaje, mwanangu, na mimi niko nje?"

Ilikuwa kadi dabo. Mumewe alitangulia akitokea kazini, akaonyesha picha ileile kwenye simu yake, kijana akaskani, skrini ikawa kijani, akaandikiwa kwamba wameingia wawili. Sasa mkewe amefika na skrini ni nyekundu. Akampigia mume simu, lakini ndani muziki ulikuwa juu, simu ikaita mpaka ikakata. Nyuma yake watu wakaanza kusogea. Baunsa akamwomba apishe pembeni kidogo, kwa heshima kabisa, na hilo "pembeni kidogo" ndilo lililozungumzwa kwenye ukoo kwa wiki kadhaa. Mpaka baba mkubwa alipotoka kuangalia kulikoni na kumshika mkono, kama dakika kumi zilikuwa zimepita.

Wengi walimlaumu kijana. Mimi simlaumu. Aliambiwa nyekundu haiingii, na asubuhi yake kamati nzima ilimsisitizia kwamba wazamiaji wana mbinu. Kosa lilikuwa kwenye mfumo uliojua hali mbili tu za kadi: haijatumika na imetumika. Kadi singo inatosheka na hali mbili. Kadi dabo ina tatu: hajaingia mtu, ameingia mmoja, wameingia wawili. Kumfundisha mfumo hali ya tatu ni kazi ndogo sana kwa anayeutengeneza: kila mtu akipita, kijana anagusa mara moja, na skrini inaonyesha "bado 1". Lakini kampuni haikuweza kujua kama tunaitaka, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tumeamua dabo ni nini. Ni mume na mke wanaoingia pamoja? Ni mwalikwa na yeyote atakayemleta? Wakifika kwa nyakati tofauti, sawa? Nusu moja ikipewa jirani, sawa? Kwenye kadi za karatasi maswali haya yalikuwa yanajibiwa na shangazi aliyesimama mlangoni, kimyakimya, kwa sura ya mtu.

Kuna wanaopendekeza misimbo miwili kwa kila dabo, A na B. Siupendi mpango huo. Unarahisisha kumtumia mtu mwingine nusu ya kadi, na familia itakuwa na picha mbili za kuchanganya. Msimbo mmoja unaohesabu mpaka mbili unatosha.

Tatizo la pili la mlangoni halikuonekana usiku ule. Mtandao wa simu ulipungua nguvu ukumbi ulipojaa, na zile simu mbili zikaendelea kufanya kazi kila moja na orodha yake, bila kujuana. Kadi iliyoingia mlango wa kushoto ilikuwa bado mpya kwenye mlango wa kulia. Simu zilipopata mtandao na kuunganisha kumbukumbu, ikaonekana misimbo tisa iliingia kwenye milango yote miwili. Mingine ilikuwa ni mume huku na mke kule, yaani wenzake mama mdogo waliobahatika kupita mlango wa pili. Mingine ilikuwa kadi zilizotumwa kwa ndugu: "nimepata udhuru, nenda wewe," kisha mwenye udhuru naye akaja.

Dawa yake ni rahisi mno, na haihitaji intaneti. Mlango mmoja uwe wa singo, mwingine wa dabo. Kila simu inabeba orodha yake pekee, na hakuna kadi inayoweza kusomeka upande wa pili hata mtandao ukikatika usiku kucha. Au tumia mlango mmoja tu, ukiwa na watu wawili, mmoja anaskani na mwingine anapokea. Kampuni nyingi zitakuambia mfumo wao unafanya kazi bila mtandao, na ni kweli unafanya. Swali la kuwauliza ni simu mbili zinaambianaje.

Msimbo uliochapwa kwa dhahabu

Kadi za wazee zilikuwa nzuri kupita zote. Karatasi ya rangi ya maziwa, maua pembeni, na msimbo wa sentimita moja na nusu uliochapwa kwa dhahabu inayong'aa. Mlangoni zilikataa karibu zote. Taa ya kijana ilikuwa inagonga dhahabu na kurudi kwenye kamera kama kioo.

Hapa inafaa kusema msimbo huu ni kitu gani. Ulibuniwa mwaka 1994 Japani na Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ndani yake hamna picha wala jina lako kwa uchawi wowote. Mna maandishi, yaliyogeuzwa kuwa vijimraba vyeusi na vyeupe. Maandishi yakiwa marefu, vijimraba vinaongezeka. Msimbo mdogo kabisa wa kawaida una vijimraba 21 kwa 21, mkubwa kabisa 177 kwa 177.

Kampuni yetu ilitia kiungo kirefu cha tovuti, ndani yake jina la mgeni, namba yake ya simu na aina ya kadi. Kama herufi mia moja. Kwa urefu huo, na kwa kiwango cha kati cha kujisahihisha (uwezo wa msimbo kusomeka hata sehemu yake ikiharibika), unahitaji vijimraba 41 kila upande. Ukivibana kwenye sentimita moja na nusu, kila kimoja kinabaki na milimita 0.37. Wangetia namba fupi ya siri tu, herufi kubwa na tarakimu, jumla nane, zilizochanganywa bila mpangilio, ingeenea kwenye vijimraba 21, tena kwa kiwango cha juu kabisa cha kujisahihisha. Kwa nafasi ileile kila kijimraba kingekuwa na milimita 0.71, karibu mara mbili. Na ukikubali sentimita mbili na nusu, unavuka milimita moja, hata kamera ya simu ya zamani inasoma.

Namba hiyo isiwe 001, 002, 003. Mtu mwenye 057 anajua kwamba 058 ipo, na kutengeneza msimbo wa 058 ni kazi ya dakika moja kwenye simu.

Wateja wangu wengi wanapenda kuweka herufi za maharusi katikati ya msimbo, na inawezekana, maana kwenye kiwango cha juu msimbo unavumilia kupotea kwa takriban asilimia 30 ya maandishi yake. Ila uvumilivu huo ni wa doa, mchubuko au kifuniko. Hausaidii pale ambapo kamera haitofautishi cheusi na cheupe. Dhahabu juu ya maziwa, waridi juu ya nyeupe, fedha juu ya kijivu: haya ni ya maandishi ya majina. Msimbo uchapwe kwa rangi iliyokoza juu ya rangi nyepesi, bila kung'arishwa. Kugeuza, yaani mweupe juu ya nyeusi, kunapendeza kwenye skrini ya msanifu lakini zipo programu za kusomea zinazoukataa. Na pembeni pande zote uachwe ukingo mtupu wa upana wa vijimraba vinne. Kwenye kadi zetu maua yalikuwa yameuparamia ukingo huo.

Kadi za WhatsApp zilisumbua kidogo tu. WhatsApp inaibana picha, lakini msimbo mara nyingi unapona. Kilichosumbua ni mwanga wa skrini uliopunguzwa kuokoa chaji, vioo vilivyopasuka, na wageni wanaoikuza picha mpaka kona ya msimbo inatoka nje. Vijana walijifunza kusema "mama, rudisha ndogo" baada ya kadi chache.

Jambo ambalo lingeokoa kadi zote za dhahabu ni namba ile ya herufi nane iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida chini ya msimbo, ili kijana aiandike kwa mkono ikishindikana. Haikuwepo. Wazee waliingizwa kwa kutambuliwa sura, jambo ambalo kusema kweli lilikwenda haraka kuliko kila kitu kingine usiku ule.

Mabango ya ndani

Bango la kutafutia meza liliwekwa nyuma ya nguzo mbili za maua, likiwa limechapwa juu ya kioo. Wapambaji walikuwa wamelisogeza kwa ajili ya picha. Msimbo wake ulikuwa wa sentimita nane, na mgeni hawezi kuufikia karibu zaidi ya mita mbili. Kipimo tunachotumia kwenye uchapaji ni sehemu moja ya kumi ya umbali: kwa mita mbili, msimbo wa sentimita 20. Na kioo kinarudisha taa za zambarau za jukwaani. Watu wakakaa walipotaka.

Wachache waliofaulu kuusoma waliona zaidi ya meza zao. Kiungo kilifungua jedwali zima la kamati, lile ambalo mweka hazina alikuwa akilitumia kwa miezi mitatu: jina, namba ya simu, ahadi, alicholipa, kinachobaki. Kufikia wakati wa kukata keki, meza tatu zilikuwa zinajua mjomba gani aliahidi 500,000 na hajatoa hata shilingi. Nadhani hili lilikuwa baya kuliko la mlangoni, ingawa halikuleta kelele. La mlangoni mtu alikasirika na akaombwa radhi. Hili watu walinyamaza na kukumbuka.

Chanzo chake ni uvivu unaojulikana: jedwali moja linafanya kazi zote, na kiungo chake kikawekwa "yeyote mwenye kiungo anaweza kuona". Msimbo ukishabandikwa ukutani, kila mtu ana kiungo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kampuni inayolipwa kushika majina na namba za watu haina sababu ya kujifanya haijaisikia. Kwa bango la meza kinachotakiwa ni safu mbili tu, jina na meza, kwenye faili jingine kabisa. Au karatasi kubwa ya majina kwa herufi za kusomeka, kitu ambacho kwa wageni 280 bado nakiona bora kuliko msimbo wowote.

Misimbo ya mezani ilikufa mapema. Ilikuwa ya aina inayopitia kwenye seva ya mtengenezaji kabla ya kukupeleka unakokwenda, na ilitengenezwa kwa akaunti ya majaribio ya bure. Muda wa majaribio uliisha kabla ya harusi, na aliyeskani akapelekwa kwenye tangazo la kulipia. Msimbo uliobeba kiungo chenyewe moja kwa moja hauna muda wa kuisha. Ule wa kupitia kwa mtu una faida yake, unaweza kubadilisha anwani baada ya kuchapa, lakini uhai wake uko mikononi mwa mwenye seva. Wakati wa kulipa ni kabla ya kuchapa.

Wa sanduku la zawadi ulisomeka vizuri, mweusi juu ya mweupe. Mweka hazina alitumia Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo kwa simu, ya duka lake, na kwa kuwa Benki Kuu ilishaweka kiwango cha pamoja cha misimbo ya malipo, TANQR, msimbo mmoja uliweza kupokea kutoka mitandao na benki mbalimbali. Lakini kabla ya kuingiza namba ya siri, mgeni aliona jina la duka la vifaa vya ujenzi. Wengi walisitisha, na walifanya vizuri, kwani hivyo ndivyo tunavyoambiwa kila siku kujikinga na matapeli. Mshereheshaji angetangaza jina hilo mara moja kwa kipaza sauti, au bango lingeliandika, wasiwasi ungekwisha. Binafsi msimbo huo ningeuondoa kabisa. Mtu amechanga, amenunua sare, amebeba zawadi, halafu anapokewa na bango la kulipia.

Kikao cha kuvunja kamati

Siku ya kuvunja kamati kampuni ilileta ripoti: wageni walioingia, 287. Wahudumu waliohesabu vichwa mezani walikuwa wamepata 259. Mtu wa chakula alishika ya kampuni, mweka hazina akashika ya wahudumu, kukawa na kelele kidogo mpaka ilipoeleweka kwamba kila dabo iliyoguswa mara moja ilihesabiwa wawili, hata aliyekuja akiwa peke yake, na zile tisa za milango miwili zilihesabiwa mara mbili. Kwa hiyo mfumo ulionunuliwa ili kuhesabu watu ulikuwa unahesabu kadi. Fedha hazikubadilika, maana sahani zote 300 zilishapikwa, lakini mwenyekiti alitaka iandikwe kwenye kumbukumbu.

Mengine yalipita haraka. Kwa harusi inayofuata ya ukoo: msimbo mmoja tu, wa mlangoni, mweusi, na namba chini yake. Ramani ya ukumbi itumwe kama kiungo cha kawaida kwenye ujumbe. Milango igawanywe singo na dabo. Wazee wasiskaniwe, ndugu wawili wanaojua sura za pande zote mbili wasimame nje ya foleni, wenye mamlaka ya kusema "huyu anaingia" bila kuulizwa na simu. Shangazi mmoja akakumbusha kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kabla ya kampuni kuajiriwa.

Lililoleta ubishi ni jedwali. Vijana walitaka lifutwe lote, kwenye seva na kwenye simu za kila mtu, usiku huohuo. Kampuni ilikubali na ikatuma uthibitisho. Mama wa bwana harusi akakataa kabla halijafutwa kila mahali, akataka kwanza lichapwe nakala moja ya karatasi, majina na kiasi, akaitia kwenye bahasha na kuondoka nayo. Waliochanga nao wana watoto wa kuozesha.